Maswali ya Wasomaji: Ferrari ya Mjomba na Mkanda Usiojali Kilomita

SWALI: Shikamoo mhariri. Marehemu mjomba wetu ametuachia Ferrari 348 ya mwaka 1991, ambayo haijawashwa tangu alipoanza kuugua miaka sita iliyopita. Imetembea kilomita 38,000 tu. Fundi wetu, ambaye ni hodari wa magari ya Kijapani, anashauri tufunge betri mpya, tutie petroli safi na kuliwasha, kwa hoja kwamba mkanda wa taimingi haujafika hata nusu ya kilomita 100,000. Je, yuko sahihi? Na ikibidi kushusha injini, spea zitapatikana hapa Dar es Salaam? (Msomaji, Msasani)

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Betri isifungwe kwanza, na ufunguo usizungushwe. Hesabu ya fundi wenu ina mashiko kwa Toyota inayotembea kila siku, lakini kwa gari hili kinachohesabiwa ni miaka. Mkanda huu ndio unaofungamanisha mwendo wa valvu na wa pistoni. Mpira wake huzeeka hata gari likiwa limesimama, na katika injini hii, ambayo ni V8 (ya silinda nane) ya lita 3.4, valvu na pistoni hupishana kwa zamu katika nafasi ile ile. Mkanda ukikatika, au ukiruka meno machache tu, pistoni huzigonga valvu na kuzipinda, na hapo mtakuwa mmetoka kwenye gharama ya mkanda na kuingia kwenye gharama ya kufumua injini nzima. Mafundi waliobobea katika magari haya huubadilisha kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, gari liwe limetembea au halikutembea.

Ugumu wa kazi unatokana na jinsi gari lilivyoundwa. Katika 328 iliyolitangulia, injini imelala kwa upana na mikanda yake hubadilishwa bila kuishusha. 348, iliyotoka mwaka 1989, injini yake imekaa kwa urefu nyuma ya viti, na upande wenye mkanda umebanwa na ukuta wa kabini kiasi kwamba hakuna pa kupitisha mkono. Injini hutolewa pamoja na giaboksi na fremu ya nyuma inayoibeba: vikishafunguliwa, bodi hunyanyuliwa na mzigo wote hubaki chini juu ya meza ya magurudumu. Fundi akiwaambia kwamba atafunga winchi kwenye tawi la mwembe na kuivuta injini kwa juu, mshukuruni kwa moyo wake, kisha tafuteni gereji yenye lifti.

Maadamu injini imeshuka, itakuwa uzembe kuirudisha na mipira ya zamani. Mimi ningeanza na hosi za petroli. Ipinde moja kwa vidole chini ya taa: ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, hosi hiyo imekwisha, hata kama haijavuja. Petroli ikidondokea mabomba ya ekzosi yaliyopata moto, gari huungua, na magari ya injini ya nyuma humchelewesha dereva kuuona moshi. Baada ya hosi hizo ndipo zifuate hosi za maji, beringi za kukazia mkanda, sili za oili na pampu ya maji. Mkanda mpya ukishafungwa, injini izungushwe kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, na alama za taimingi zikaguliwe upya kabla ya mtu yeyote kufikiria stata.

Kuhusu spea, si kila kitu ni cha kuagiza Ulaya. Beringi nyingi zina namba iliyochongwa ubavuni, na muuzaji makini wa Kariakoo au Gerezani atawatafutia yenye namba hiyo hiyo; rilei na hosi za kipimo hupatikana pia, mradi hosi ya petroli iwe imeandikwa kuwa ni ya injini ya sindano (inayopuliziwa petroli kwa shinikizo), yaani hosi inayohimili shinikizo hilo. Mkanda wenyewe, gesketi na sili agizeni kwa namba ya spea kutoka kwa wauzaji wa magari haya. Hapo msibahatishe.

Petroli ya miaka sita imwagwe yote, na mafuta ya breki pia, kwa kuwa hufyonza unyevu, na unyevu wa pwani yetu mnaujua. Matairi someni ubavuni: tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT hutaja wiki na mwaka, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi kama hilo halifai kwa gari la nguvu za farasi 300 hata kama kashata zake zimejaa.

SWALI: Mhariri, nami ninayo 348. Nikikaa kwenye foleni ya Mwenge, taa ya kuniamuru nipunguze mwendo huwaka, ilhali gari limesimama. Nifanyeje? (Msomaji, Mikocheni)

JIBU: Taa hiyo inaonya kwamba kichujio cha moshi (katalaiza) kwenye ekzosi kimepata joto kupita kiasi. Mara nyingi kosa huwa kwenye kihisi cha joto au kisanduku chake cha umeme, lakini usikate waya kama wengi wanavyoshauriana. Silinda isiyochoma vizuri hupeleka petroli mbichi kwenye kichujio, nacho huwaka kweli. Zima injini kwanza, kisha plagi na koili zipimwe kabla ya kumlaumu kihisi. Kagua pia feni za rejeta, ambazo katika gari hili ziko ubavuni nyuma ya milango na si mbele. Kwenye foleni ndizo pekee zinazovuta hewa.

SWALI: Vitufe vya dashibodi ya Ferrari 360 yangu vinanata kama asali. Ni joto la Dar? (Msomaji, Masaki)

JIBU: Joto huharakisha, lakini ugonjwa ni wa rangi laini iliyopakwa kiwandani juu ya plastiki, nao huonekana hata kwenye nchi za baridi. Chomoa kitufe kimoja kilichojificha, kifute taratibu kwa pamba yenye spiriti, na uangalie kama maandishi yanabaki. Yakianza kufutika, acha hapo hapo na umpelekee fundi wa kupaka upya.