Barua kwa mwanangu: uza vyote, halafu umpe nani?

Mwanangu, baba yangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma na kuirudia, na baba yako naye nimemsomea. Umeuliza, "Mama, lile neno Yesu alimwambia yule tajiri auze vyote, ni la kwangu na mimi au lilikuwa la yule peke yake? Maana nataka niache kazi benki, niuze kiwanja cha Kibaha na gari, tuhamie Katavi kwenye umisheni." Na chini kabisa ukasema kiongozi wenu anataka kila anayekwenda aingize alichouza kwenye mfuko wa huduma.

Linaweza kuwa lako kabisa. Sitakupunguzia makali ya lile neno eti kwa vile mimi ni mama na ningependa nikuone umetulia mjini na mshahara wako, wapo wengi watakaokwambia kwamba ni mfano tu, Mungu anaangalia moyo, mimi sikwambii hivyo. Nimekaa nikaifungua tena Marko 10 nikaona vitu viwili. Cha kwanza, kabla hajamwambia auze, imeandikwa "akamkazia macho, akampenda". Cha pili ndicho kimenishika: "ukauze ulivyo navyo vyote, uwape maskini... kisha njoo unifuate." Uwape maskini, baba. Hajasema niletee mimi. Aliyekuwa anamwita hakushika hata senti ya yule mtu, na hapo ndipo ninapotaka usimame uangalie vizuri.

Angalia waliolichukua neno hili lilivyo. Antoni wa Misri, karne ya 3, kijana tu, wazazi wamekufa wakamwachia mashamba mazuri na mdogo wake wa kike wa kumlea. Akaingia kanisani akakuta linasomwa hilo hilo, akatoka akawagawia wanakijiji mashamba, vitu vingine akauza akawapa maskini, ila akabakiza kidogo kwa ajili ya dada yake. Baadaye akatoa hata hicho kidogo, na dada yake akamkabidhi kwa wanawake waaminifu wamlee. Yaani jangwani alienda, lakini yule mtoto hakumtupa.

Mwingine ni C.T. Studd, mmisionari Mwingereza, huyu nataka umjue vizuri maana wahubiri wanapenda kumtaja na wanamtaja nusu. Baba yake alitajirika na mashamba ya nili, ule mmea wa kutia nguo rangi ya bluu, huko India, yeye mwenyewe alikuwa nyota wa kriketi, kaichezea England 1882, halafu 1885 akaacha yote akaenda China yeye na wenzake sita, wakaitwa Saba wa Cambridge. Huko China akafikisha miaka 25, umri ambao baba yake aliandika kwenye wosia kwamba ndipo apewe urithi wake. Alipoenda kwa konsuli, yaani mwakilishi wa serikali ya Uingereza, pale Chongqing amsainie karatasi za kuitoa ile hela, konsuli akakataa, akamwambia nenda kafikiri wiki mbili kwanza. Akaenda, wiki mbili zikaisha, akarudi na msimamo ule ule, ikasainiwa. Tarehe 13 Januari 1887 akatuma hundi: pauni 5,000 kwa Moody, mhubiri wa Marekani, 5,000 kwa George Müller aliyekuwa analea yatima Bristol, 5,000 kwa maskini wa Whitechapel London, 5,000 kwa kazi ya Jeshi la Wokovu India, na nyingine za elfu elfu. Unaona ilikoenda? Zile hundi zilikwenda mbali na mikono yake, na ingawa baadaye maelfu mengine aliyapa shirika lake la umisheni, mwenyewe ndiye aliyechagua pa kupeleka. Zikabaki kama pauni 3,400, akampa mchumba wake Priscilla kabla ya ndoa, na Priscilla ndiye aliyemuuliza, Bwana alimwambia yule tajiri afanye nini? Akajibu, auze vyote. Basi wakazitoa nazo, wakaanza ndoa hawana kitu, na wote wawili walikuwa wametaka.

Hiyo ndiyo nusu inayohubiriwa. Nusu nyingine ni kwamba 1913 alikwenda Congo, kule kaskazini mashariki, akiwa na miaka zaidi ya 50 na mwili wenye magonjwa, na Priscilla hakukubali mwanzoni. Akaenda tu. Akarudi nyumbani mara moja, 1916 akaondoka tena na hakurudi Uingereza mpaka anakufa Ibambi 1931. Mke wake alifika Congo mara moja tu, 1928, wakakaa pamoja kama wiki mbili, mwaka uliofuata mama wa watu akafariki. Ila miaka ile kabla hajafa, Priscilla mwenyewe aliibeba ile kazi akiwa Uingereza kwa nguvu zake zote, siwezi kusema alilazimishwa maisha yake yote, na makanisa yaliyotokana na kazi ile Congo yapo mpaka leo, namheshimu sana yule mzee. Lakini hela zilikuwa zake, alizitoa, sawa. Miaka ile ya mke wake haikuwa yake peke yake kuitoa, na hapo mimi sikubaliani naye, nasema wazi.

Kwahiyo swali langu kwako, mwenzio anasemaje? Meseji nzima umeandika "nataka, nataka", yeye umemtaja pale tu unaposema "tuhamie". Kile kiwanja mmenunua wote, amekatwa na yeye kwenye mshahara wake. Na mkopo wa benki bado upo, ule una wadhamini, ni wenzako wa ofisini wenye watoto wanaosoma. Deni sio mali yako mwanangu, huwezi kulitoa sadaka.

Na huyo kiongozi. Simjui, simhukumu. Ila msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, 2023, ilifukuliwa makaburini miili ya watu zaidi ya 400, na kati yao walikuwepo walioacha kazi na kuuza mali wakamfuata mhubiri msituni. Najua Katavi sio Shakahola. Lakini muulize hivi mbele ya wenzako: nikiuza, naweza kuwapa maskini wa Katavi moja kwa moja kwa mkono wangu, au kuwajengea kisima, badala ya kuingiza kwenye mfuko? Petro mwenyewe alimwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa chako, na hata ulipokiuza hela ilikuwa kwenye uwezo wako. Mtume hakumdai. Sasa huyo kiongozi akikasirika kwa swali la namna hiyo, hapo nakuomba mrudi nyumbani.

Halafu ile ahadi ya mara mia, nyumba na mashamba, hapo hapo Marko 10, watu wanaisoma wanaruka maneno matatu, "pamoja na udhia", yaani mateso. Huko mnakotaka kwenda mtoto ataumwa malaria usiku na gari mmeuza, na mshahara haupo mwisho wa mwezi. Sikutishi. Kama mmeliangalia hilo wote wawili na bado mnataka, basi nitaamini mmeitwa.

Fanya kama yule konsuli alivyosema, usisaini chochote kwa wiki mbili. Omba, maliza hesabu ya mkopo, kaa na mke wako. Jumapili jioni mnipigie mkiwa pamoja, nataka nimsikie mkwe wangu kwa sauti yake.

Na sisi usitufanye sababu ya kubaki. Najua ule mstari wa Korbani unakuumiza, kwamba mtu asiwanyime wazazi kwa jina la sadaka, lakini mimi na baba yako tumeshaongea, mahindi tunayo, mbuzi wapo, na hela unayotutumia kila mwezi tumekubaliana uisimamishe kuanzia mwezi ujao uipeleke kwenye deni.

Mama yako