Muulize Fundi: Uso wa kitu una kazi gani?

Barua za safari hii zimenishangaza. Wanne walioandika hawajuani, lakini kila mmoja anauliza juu ya uso: wa chuma, wa jiwe, wa picha, wa maji. Nimesimama mbele ya jiliwa miaka 38 nikikwangua na kusugua nyuso za vitu, kwa hiyo hapa mmenigusa penyewe. Mnisamehe wa kwanza akipata maneno mengi kuliko wenzake.

*Shikamoo Babu Fundi. Nasomea uchoraji. Mwalimu wetu kila akisahihisha kazi husema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," akitaka tuache kuhangaika na uso wa picha tutafute undani. Kaka yangu anasoma kemia, naye anasema kuna mtu amepewa Nobel kwa kuchunguza uso wa chuma tu. Nani kati yao nimsikilize?* — Mwanafunzi wa uchoraji

Marahaba, mjukuu wangu. Methali hiyo naiheshimu inaposemwa juu ya watu. Juu ya vitu, nina ugomvi nayo wa siku nyingi. Kitu hakina njia ya kukutana na kitu kingine ila kwa uso wake. Kutu huanzia usoni, gundi hushika uso, beringi huliwa uso, na mwanga unaokuletea picha machoni umetoka usoni. Huo undani wa vitu hakuna aliyeuona bila kuupasua, na ukishapasua, ulichopata ni uso mwingine.

Kaka yako hakukudanganya. Aliyepewa Nobel ya kemia mwaka 2007 ni Gerhard Ertl wa Ujerumani. Kati ya mambo aliyoyafumbua ni namna amonia ya mbolea inavyoundwa naitrojeni na haidrojeni zinapopita juu ya chuma. Atomu ya chuma iliyo ndani imebanwa na majirani pande zote. Iliyo usoni, upande wa juu haina jirani, kwa hiyo ina mkono mtupu. Molekuli ya naitrojeni ikitua hapo inashikwa na kuraruliwa vipande viwili, na kuraruliwa huko ndiko kugumu katika kazi yote. Yanayofuata ni mepesi. Chuma kilichofichika ndani ya punje hakigusi chochote. Kimebeba uzito tu.

Ndiyo maana wenye viwanda hutaka kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha kazi kama chuma hicho, chenye uso mwingi. Chukua mchemraba wa sentimita 1. Pande zake 6 zina jumla ya sentimita 6 za mraba. Ukate uwe michemraba ya milimita 1: chuma ni kilekile, uso umekuwa sentimita 60 za mraba. Ukifika vipande vya mikromita 1, yaani milimita igawanywe mara elfu, ni mita 6 za mraba, sakafu ya chumba kidogo. Ukifika nanomita 1, yaani mikromita nayo igawanywe mara elfu, ni mita 6,000 za mraba, unakaribia uwanja wa mpira, na vyote hivyo bado vinatosha ndani ya kizibo cha chupa.

Lakini mimi uso sikuufahamu kwa hesabu. Niliufahamu kwa mabamba matatu.

Mwaka wangu wa kwanza karakanani, bwana aliyenifundisha kazi alinipa mabamba matatu ya chuma cha kusubu, tupa kuukuu iliyonolewa ncha iwe ya kukwangulia, na kopo la rangi ya buluu isiyokauka. Akasema, "Yanyooshe." Nikauliza nitayapimia nini. Akasema, "Hayo hayo." Nikadhani ananitania.

Kazi inakwenda hivi. Unapaka bamba la kwanza buluu nyembamba kama pumzi kwenye kioo, unaliweka la pili juu yake, unalisogeza kidogo, unaliinua. Palipopata buluu ndipo palipoinuka. Unapakwangua, unafuta, unarudia. Mwanzoni unaona madoa matatu manne pembeni. Baada ya siku kadhaa madoa yanaongezeka, yanakuwa madogo, yanatapakaa. Nilipomaliza mawili ya kwanza madoa yalienea bamba zima kama mabaka ya chui, nikayapeleka kwa bwana kifua mbele. Hakuyatazama. Akasema, "Lete la tatu."

Alijua nilichokuwa sijakijua. Mabamba mawili yanaweza kupatana kila mahali na yote mawili yawe yamepinda: moja limebinuka kama mgongo wa kobe, lenzake limebonyea kama bakuli, yakikaa pamoja hakuna penye mwanya. Ukilileta la tatu, ukalilinganisha na la kwanza mpaka likapatana nalo, nalo litakuwa bakuli. Sasa weka bakuli juu ya bakuli. Yatagusana ukingoni tu, katikati hewa tupu. Uongo umekamatwa. Mabamba yanayopatana yote matatu, kila moja na kila lenzake, huku ukiyageuza robo duara ili usidanganywe na msokoto, hayana budi kuwa yamenyooka. Nilianza upya. Ilinichukua miezi miwili na nusu, na kovu la kidole hiki ninachoandikia.

Njia hiyo haikubuniwa na bwana wangu. Fundi Mwingereza Joseph Whitworth aliifafanua mbele ya wanasayansi mwaka 1840, akishikilia kwamba bamba likwanguliwe, lisisagwe kwa unga mkali wa kusagia, kwa kuwa unga huo hujikusanya pale usipopataka. Usahihi wa mashine za kukereza umeegemea mabamba ya namna ile, na mwanzo wake ni macho ya mtu, mikono yake na doa la buluu.

Usije ukadhani hayo ni mambo ya kale. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo cha upana wa mita 2.4, kilichong'arishwa vizuri ajabu. Picha zilitoka na ukungu. Kioo kilikuwa laini, lakini umbo lake halikuwa lile lililotakiwa: ukingoni kilikuwa kimesagwa zaidi kwa mikromita 2.2 hivi. Kifaa kilichotumika kukipima kilikuwa na lenzi iliyokaa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3, na waliokisaga walikifuata kifaa hicho kwa uaminifu kabisa. Kioo na kipimo vilipatana, vyote vimekosea. Kulikuwa na vipimo vingine vilivyoonyesha kasoro, vikapuuzwa kwa kuwa vilihesabiwa duni. Bamba la tatu lilisema, hawakulisikiliza. Wanaanga walikwenda kuirekebisha darubini hiyo Desemba 1993.

Sasa turudi kwenye uchoraji wako. Tundika kioo cha kujitazamia kwenye ukuta unaopigwa na jua, kisha zungukazunguka mbele yake. Kipi kinang'aa zaidi, kioo au ukuta? Watu wengi watajibu kioo kabla hawajatazama. Ukitazama utakuta ukuta unang'aa popote usimamapo, na kioo ni cheusi, isipokuwa ukisimama mahali pamoja tu kinapokupiga machoni. Jaribio hili si langu. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1632, kuwajibu waliodai kuwa mwezi ni tufe laini kama kioo. Ungekuwa hivyo, tungeona nukta moja kali na pengine pote giza. Unang'aa wote kwa sababu umeparara. Rafiki yake, mchoraji Cigoli, alikwisha kuuchora mwezi wenye mabaka chini ya miguu ya Bikira Maria, katika kanisa la Santa Maria Maggiore kule Roma.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wako, kwa adabu, kwamba uso wa picha ndio unaoamua nani aone nini akiwa amesimama wapi. Akikasirika, usiseme umetumwa na mimi.

*Fundi, salaam. Kwa nini jiwe likilowa linakuwa jeusi zaidi, na ubao ukipakwa vanishi rangi yake inakolea? Maji na vanishi havina rangi.* — Seremala wa jioni

Salaam, ndugu yangu. Uso mkavu wa jiwe, au wa ubao uliopigwa msasa, una mabonde na vilima vidogo visivyohesabika. Sehemu ya mwanga hurudishwa na vilima hivyo kabla haujaingia ndani kuchukua rangi, ukatawanyika huku na huku. Mwanga huo ni mweupe, nao hutanda juu ya rangi halisi kama vumbi. Maji yakijaza mabonde, au vanishi, uso wa juu unakuwa laini. Weupe unaorudi unaelekea upande mmoja tu, ukisogea kidogo umeukwepa. Mwanga uliobaki unazama zaidi ndani, na ukitaka kutoka, mwingine hugonga dari ya maji ukarudishwa chini. Kila safari nyongeza jiwe linaula kidogo, ndiyo maana linaonekana jeusi.

Wachoraji wa rangi za mafuta walilijua hili kwa mkono kabla halijaandikwa na mtu. Mwaka 2010 watafiti walipima kwa miale ya eksirei picha saba za Leonardo da Vinci zilizoko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, bila kuzigusa. Kwenye vivuli vya nyuso walikuta tabaka juu ya tabaka, nyingine zenye unene wa mikromita 2 hivi, na zote pamoja hazizidi mikromita 40 au karibu na hapo. Kivuli cha shavu lote ni chembamba kuliko unywele! Wewe ukipaka vanishi ya ubao kwa mkupuo mmoja mzito, umezidi hapo mara kadhaa, na itakupasukia.

*Fundi, shafti ya pampu yangu imekatika. Aliyeikereza ananiambia chuma kilikuwa kibovu. Nimdai au nimwachie?* — Mwenye pampu

Kabla hujamdai mtu, chukua vile vipande viwili utazame palipokatika. Usivigonganishe, utafuta ushahidi. Ukiona sehemu kubwa ni laini, ina mistari ya kupinda inayofuatana kama alama zinazoachwa na maji yakipwa ufukweni, halafu sehemu ndogo yenye chengachenga kama sukari guru iliyovunjwa, basi shafti haikukatika siku ile. Ilianza zamani. Ile laini ni ufa uliotambaa taratibu, ile ya chengachenga ni dakika ya mwisho. Fuata mistari kurudi nyuma ilikoanzia. Karibu kila mara itakufikisha usoni.

Shafti inayozunguka huku imelemewa upande mmoja, uso wake huvutwa ukiwa upande huu na kubanwa ukifika upande wa pili. Katikati kabisa haisikii kitu. Ikienda mizunguko 1,500 kwa dakika, kwa siku moja uso umevutwa na kubanwa zaidi ya mara milioni 2. Mkwaruzo mdogo, kona kali pale unene unapobadilika, alama ya jino la spana, vyote ni mlango wa ufa.

Nami naungama. Kijana wa miaka 26, nilimaliza shafti nzuri, nikaigonga namba kwa stempu ya chuma katikati ya urefu wake ili isipotee ghalani. Ilirudi miezi michache baadaye vipande viwili, na ufa ulikuwa umeanzia kwenye mkia wa namba 7. Chuma hakikuwa na kosa lolote. Tangu siku hiyo namba nagonga kwenye kichwa cha shafti, kule kusikobeba mzigo. Na kama kona haina budi kuwapo, naizungusha kisha naing'arisha. Wenye uwezo hupiga uso kwa risasi ndogondogo za chuma ubaki umejibana wenyewe, ufa usipate pa kujifungulia. Kwa hiyo tazama kwanza mistari. Ikianzia kwenye kona kali, una maneno naye. Ikianzia kwenye alama ya spana yako, nyamaza.

*Shikamoo Babu. Nina miaka 11. Uso wa maji una unene gani?* — Msomaji mdogo

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zuri kuliko ya wakubwa wote hapo juu, na nalijibu kwa mafuta. Mmarekani Benjamin Franklin alimwaga kijiko kidogo cha mafuta kwenye bwawa la Clapham, London, akaona yametandaa karibu nusu eka na mawimbi yametulia. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1774. Hakupiga hesabu ya kugawanya. Tugawanye sisi: mililita 5 kwa mita 2,000 za mraba, unapata unene wa nanomita 2 na nusu. Hiyo ni kama urefu wa molekuli moja ya mafuta, zimesimama bega kwa bega. Mafuta hayawezi kuwa membamba zaidi ya hapo bila kuachana.

Baada ya miaka mia moja hivi, msichana mmoja wa Braunschweig, Ujerumani, aitwaye Agnes Pockels, alijitengenezea beseni la bati nyumbani, akaweka ukanda wa bati wa kusukumia uso wa maji na kitufe cha kupimia nguvu yake. Vyuo havikupokea wanawake wakati huo. Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza, naye akaipeleka barua hiyo ikachapishwa katika jarida la *Nature*.

Wewe anza na bakuli la maji na poda. Nyunyiza poda kidogo juu ya maji, ichovye ncha ya kijiti kwenye sabuni, kisha iguse katikati. Poda itakimbilia ukingoni kwa ghafla kama imefokewa. Ukitaka kurudia, mwaga maji na usuuze bakuli mara tatu nne, na vidole vyako pia. Sabuni iliyobaki hata kidogo tu, poda haitasogea.