Bahari haiji Kivu kwa magunia ya chumvi

Barua za mara hii zimenikuta nimetoka soko la Kadutu na kilo moja ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, kwa hiyo msishangae nikiwataja. Nyingi zinauliza juu ya ufugaji wa samaki.

Nilisikia redioni kwamba Ufilipino wanafuga samaki wa bahari ndani ya vizimba vya wavu majini. Kwa nini sisi tusiwaweke ziwa Kivu? (Papa wa Nguba)

Papa, nadhani walimzungumzia mwatiko. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania wanamjua: anang'aa kama fedha, na miiba yake ni ya kumsumbua mgeni. Ni kweli anavumilia maji matamu. Wafilipino wanamfuga hata katika ziwa Taal, lenye volkano katikati (watu wa Goma, mnaoishi chini ya volkano, hapo mtatabasamu). Ila hazai kwenye maji matamu. Kila msimu ungelazimika kuagiza vifaranga kutoka pwani, uvipitishe mipaka yote hiyo vikiwa hai. Tena maji ya juu ya Kivu yana nyuzi 23 hadi 25 tu. Hata tilapia, anayependa 27 na kuendelea, anaona baridi hapa kwetu.

Ila Taal ina funzo lingine. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yakipanda juu, samaki wa vizimbani hufa kwa wingi, maana hawana pa kukimbilia. Kivu ina kina cha mita 485, na ukishapita mita 60 hivi hakuna oksijeni, kuna gesi ya kaboni na methani. Mwenye kizimba cha tilapia asikijaze kupita kiasi, wala asikiweke mahali maji yamelala.

Najua utaniuliza: mbona sambaza walifaulu? Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na kwa ukoo ni ndugu wa dagaa wa bahari. Walifaulu kwa sababu katikati ya ziwa palikuwa patupu, hapakuwa na samaki wa kula vile vijidudu vinavyoelea. Leo pana mwenyewe. Mimi nisingemleta mgeni mwingine.

Nina bwawa la mita 20 kwa 10, kina mita 1. Nikitia chumvi, si litakuwa bahari? (Kijana wa Kabare)

Hizo ni lita 200,000. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kwa hiyo unahitaji tani 7, yaani magunia 140 ya kilo 50. Mvua ikinyesha wiki moja, unaanza upya. Chumvi ikivuja kwenye mihogo ya jirani, mtakutana kwa chifu. Acha, ndugu yangu.

Ninasoma mambo ya viumbe vya majini hapa Bukavu. Profesa anatufundisha uzalishaji wa samaki wa bahari za joto. Utanifaa nini? (Mwanafunzi, Ibanda)

Mdogo wangu, Kongo ina bahari, japo ni kipande cha kilomita 40 hivi kule Muanda, mbali nasi kuliko Dar es Salaam. Lakini faida yako haiko Muanda, iko kwenye kifaranga. Samaki wengi wa bahari hutoka yaini na mdomo mdogo mno, unga hawauwezi. Wanataka vijidudu hai: kwanza rotifera, halafu Artemia. Chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, nchi ya baridi, kina kituo cha Artemia tangu 1978, na wanafunzi wengi hukifuata kutoka nchi za joto. Kambale wetu naye siku zake za kwanza anakua vizuri kwa chakula hicho hicho. Anayejua kulea kifaranga cha bahari hatashindwa na kambale wa Walungu.

Utafiti huu hakuna nchi iliyoufanya peke yake. SEAFDEC ni shirika la uvuvi la nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, na Japani ni mwanachama; kituo chake cha ufugaji huko Iloilo, Ufilipino, kilianzishwa 1973. Wakati ule vifaranga vya mwatiko viliokotwa ufukweni. Mwaka 1980, mwatiko waliokuwa vizimbani Igang, huko huko Ufilipino, walitaga wenyewe. Huko Bali, Indonesia, ujuzi wa kituo cha utafiti cha Gondol ukashuka hadi kwenye matangi ya nyuma ya nyumba za wanakijiji. Zanzibar nayo, kwa msaada wa Korea Kusini na FAO, ina kituo cha kutotolesha vifaranga Beit el Ras. Barua ya kwanza ningeipeleka huko. Lugha ni hii hii.

Tena usiende ukijiona mwombaji. Mradi wa GIFT, wa kuboresha mbegu ya tilapia, ulioanza 1988 ulichukua tilapia Misri, Ghana, Kenya na Senegal, ukawapeleka Ufilipino, na Wanorwe wakaleta ujuzi wao wa kuchagua mbegu ya samoni. Tilapia wanaosifiwa Asia leo, wengi wana damu ya mito na maziwa yetu.

Mbona tomson, yule samaki wa baharini anayekuja amegandishwa kutoka mbali, ni rahisi kuliko tilapia wa kizimba cha hapa hapa? (Mama muuzaji, Kadutu)

Mama, tomson hakufugwa. Anavuliwa na meli katika bahari baridi kama ile ya Namibia, hakuna aliyemlisha. Tilapia wa kizimba amekula, na chakula mara nyingi humeza zaidi ya nusu ya gharama. Kikiwa kimevuka mpaka, ongeza ushuru na njia. Wafugaji wa bahari wanalia zaidi: barramundi wa Asia, ambaye ni ukoo mmoja na sangara, anataka chakula chenye unga wa samaki. Tilapia anaridhika na pumba na soya. Mfugaji akikutajia bei, muulize anawalisha nini na anakitoa wapi.