Dada, usimkaririshe mtoto Kilatini kabla hajajua "b" inaliaje

Dada weka hivyo vitabu vya Kilatini chini kwanza. Nimesoma ulichoandika nikajiona mimi mwenyewe miaka minne iliyopita, nikashindwa kupita kimya. Umesema mwanao ana miaka mitano, anaanza chekechea kwenye shule ya mfumo wa kiklasiki (ile elimu ya kizamani ya Ulaya yenye Kilatini na kukariri), unataka kujua wanafundishwa nini humo, kama wanapata muda wa kucheza, kama kuna sayansi, na kama likizo hii uanze kumkaririsha Kilatini ili asiachwe nyuma. Hilo la mwisho ndo lililonitoa usingizini.

USIANZE.

Wangu aliingia akiwa na miaka mitano na nusu. Kabla ya hapo nikaenda semina ya mshauri mmoja wa wazazi, jamaa anaongea vizuri mpaka unatamani akulelee mtoto. Akatuchorea zile ngazi tatu za mfumo huu, sarufi, mantiki na balagha (ufundi wa kusema kwa ufasaha), akasema mtoto mdogo yuko ngazi ya kwanza, ngazi ya kasuku, kwa hiyo wewe mzazi mjaze tu, maana zitakuja zenyewe. Zitakuja zenyewe! Kwa basi gani sijui. Lakini siku ile niliandika mpaka wino ukaisha, nikarudi nyumbani nikaanza kumjaza dogo kama gunia.

Ndani ya miezi mitatu anaimba amo, amas, amat (Kilatini cha napenda, unapenda, anapenda) kama padri, anataja mabara saba, anahesabu saba saba mpaka 84, wageni wakija anapandishwa kwenye kochi atumbuize, na mimi pembeni nimetuna kama chura. Siku moja nikamuuliza amo maana yake nini. Akafikiri kidogo akasema, "Ni ile ya kwanza." Nikacheka. Nilitakiwa nishtuke palepale ila nikacheka, afu nikaenda kuwasimulia watu.

Huku nyuma mwalimu wake alikuwa analeta karatasi kila wiki, herufi moja na sauti yake na maneno matatu manne ya kuunganisha. Mi nikaziona za kitoto (mtoto ana miaka mitano, sijui nilitaka za kizee), nikawa naziacha chini ya begi, na nakiri zingine nilifutia chai iliyomwagika mezani.

Sasa ikafika mwisho wa mwaka, mwalimu akaniita. Hakusema kitu. Akamwambia dogo asome kitabu chake mbele yangu, akasoma vizuri kabisa, "mbwa ameketi chini ya meza," kidole kinatembea chini ya maneno, mi nikaanza kutabasamu. Mwalimu akachukua kipande cha karatasi akaandika "meza ya mbwa," maneno matatu tu, akamsogezea. Dogo akaweka kidole, akasoma kwa kujiamini kabisa "mbwa ameketi chini ya meza." Kidole kikaisha, mdomo ukaendelea. Aliponiangalia kuona kama nimefurahi nilitamani sakafu ipasuke.

Hajui kusoma aisee. Hata "m" akiiona peke yake haijui. Kitabu kizima alikuwa amekishika kwa kusikia wenzie na kuangalia picha, na hiyo ndo kazi niliyomfundisha mimi mwenyewe kila jioni, sikia, shika, toa kama ulivyosikia. Mwalimu akamwaga vifungo mezani akasema nipe saba. Dogo akaanza kuimba saba, kumi na nne, ishirini na moja, huku anachota konzi.

Mwaka uliofuata akarudishwa kwenye sauti za herufi, anakaa na waliomzidi kwa udogo, na wale aliokuwa anawaringishia mabara saba wanasoma hadithi nzima wenyewe. Asubuhi tumbo linauma. Kila asubuhi. Jumamosi tumbo haliumi. Yule mshauri nilipomwandikia akanijibu mtoto wangu "hajajazwa vya kutosha" na ana kozi ya pili. Sijamjibu mpaka leo kwa sababu hapa nyumbani kuna watoto na mimi nilichotaka kuandika hakifai.

Kinachoniuma zaidi, nilikuja kuitafuta mwenyewe hotuba ambako hayo maneno ya kasuku yalitoka. Aliitoa Dorothy Sayers, mwandishi wa Kiingereza, huko Oxford, mwaka 1947. Kasuku kweli yumo. Ila mule mule mama wa watu ameweka sharti kwamba wanafunzi anaowazungumzia wawe tayari wanajua kusoma, kuandika na kuhesabu! Yaani kasuku wake anaingia darasani zile K tatu ziko mfukoni. Jamaa yetu aliliruka hilo sharti kama anaruka dimbwi. Na yule mama alianza kabisa kwa kukiri kwamba uzoefu wake wa kufundisha ni mdogo sana. Sasa huyu wetu alikiri lini?

Haya, humo darasani wanafanya nini. Kubwa ni sauti. Sio jina la herufi, sauti, yaani b sio "bi," ni ule mlio mfupi wa midomo kugongana. Kama shule inafundishia Kiingereza ndo kuna kazi zaidi, herufi 26 ila sauti kama 44, zingine zinaandikwa kwa herufi mbili au tatu kwa pamoja, kwa hiyo usishangae wiki nzima imeishia kwenye sh na th. Sisi tumezoea ba be bi bo bu, ukijua silabi umemaliza, kule haiko hivyo. Halafu kushika penseli na kuandika herufi kwa mwendo unaotakiwa, kuanzia juu. Wanasomewa hadithi nyingi, zile za wanyama za Aesop, msimuliaji wa kale wa Ugiriki, sana, afu mtoto anaambiwa asimulie tena kwa maneno yake, na hapo ukiwa nyumbani msikilize usimkatishe hata akichanganya sungura na kobe. Mashairi ya kukariri yapo, nyimbo za miezi na siku zipo, sikatai kukariri, kukariri ni tamu na watoto wanapenda. Kilatini shule nyingi za aina hii wanakianza rasmi darasa la tatu au la nne, chekechea wakikigusa ni kawimbo kamoja basi.

Unachotakiwa kufanya likizo ni kimoja. Andika neno fupi ambalo hajawahi kuliona, lisilo na picha, hata lisilo na maana, "tabu," "kemo," chochote, muone kama anaweza kulitamka kipande kipande. Akiweza mkaririshe unachotaka, hata katiba. Asipoweza, hakuna wimbo, hakuna mabara, hakuna amo, ni sauti tu dakika kumi kwa siku afu aende akacheze. Na akikusomea kitabu ziba picha kwa kiganja. Mi siku hizi naziba hata kwa watoto wa majirani, wananiona mchawi.

Hivyo vitabu vya Kilatini kama hujavitoa nailoni warudishie. Vyangu vinazuia mlango usijibamize na upepo, vizito vizuri.