Santuri za Tabora zinazostahili kutolewa upya: tuanze na upande wa pili

Mkuu, umeuliza ni albamu gani za roki progresivu (roki ya nyimbo ndefu zenye mipangilio tata) na jazi ya fyusheni (jazi iliyochanganywa na roki), zile zisizojulikana na wengi, zinastahili kutolewa upya. Wachangiaji wamekutajia za Uingereza, Italia na Japani, na nyingi ni nzuri kweli. Mimi nitajibu kwa kile kinachopita mikononi mwangu. Niko Tabora, natengeneza redio na amplifaya, na kwa miaka sasa watu wananiletea santuri za wazee wao nizinakili kwenye kompyuta. Jibu langu ni kwamba kwetu sisi muziki wa kuthubutu haukukaa kwenye albamu. Ulikaa kwenye upande wa pili wa santuri ndogo, na huo upande ndio unaotupotea.

Nianze na albamu hata hivyo, maana zipo. Zambia wametutangulia. Mwaka 1975 bendi ya WITCH ilitoa Lazy Bones!! na bendi ya Amanaz ikatoa Africa: magitaa yanayonguruma, besi nzito, na ndani yake mdundo ambao mtu wa huku anautambua mara moja. Kwa miaka mingi nakala zake zilikuwa mikononi mwa wakusanyaji wachache tu, hadi kampuni za nje, kama Now-Again ya Marekani, zilipoanza kuzifyatua upya. Leo mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Jagari Chanda, anapanda majukwaa ya Ulaya akiwa mtu mzima. Hivyo ndivyo kutolewa upya kunavyoweza kumfufulia mtu kazi yake akiwa bado hai.

Kwa Tanzania, bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilitoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976, na mwaka 2016 kampuni ya Strut iliitoa tena pamoja na rekodi zake za tangu 1973. Kama hujaisikia, itafute kabla ya kununua chochote cha bei mbaya kutoka nje. Halafu iko albamu ya Bado Kidogo. Patrick Balisidya, yule wa bendi ya Afro 70, alikwenda Uswidi mwishoni mwa miaka ya 1970 akarekodi na Archimedes Badkar, kundi la Waswidi waliokuwa wakichanganya roki, jazi na ngoma za mataifa mbalimbali. Hebu fikiria, mkuu: unatafuta progresivu ya Ulaya iliyosahaulika, kumbe mojawapo ina Mtanzania katikati yake. Balisidya alifariki 2004. Ukiniambia nichague albamu moja ambayo kila redio ya nchi hii ingepaswa kuwa nayo, ni hiyo.

Sasa tuje nyumbani.

Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na hapa ndipo njia ya Mwanza inapochepuka. Treni ilileta abiria, na abiria wakaja na magitaa na santuri. Kutoka upande wa Kigoma zilishuka santuri za Kongo, kutoka pwani zikapanda za Dar es Salaam na Mombasa. Mji wa kiasi hiki ukawa na Kiko Kids wa Salum Zahoro, ukawa na Tabora Jazz, ukawa na Nyanyembe Jazz. Shem Ibrahim Karenga, mtu wa Kigoma, jina lake lilikuzwa na Tabora Jazz. Bendi tatu za maana katika mji mmoja wa bara, kila moja na wapenzi wake, na huwezi kushindana na jirani yako kila wikiendi bila kubuni kitu.

Na ubunifu huo ulilazimika kuingia kwenye santuri ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba kama dakika tatu hadi tano, ukizidisha hapo sauti inafifia. Ukumbini wimbo unaweza kwenda robo saa. Kwa hiyo wakaukata: upande wa kwanza mashairi na kiitikio, upande wa pili mapigo, yaani ala peke yake bila waimbaji. Kwenye lebo wanaandika sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Ukikuta santuri ya miaka ya 1960 au 1970 ambayo pande zote mbili zina jina lile lile, usidhani wamekosea.

Ninayo moja hapa ambayo lebo yake imeliwa na mchwa. Jina la bendi halipo, la wimbo halipo, limebaki neno "Jazz" na nusu ya namba. Upande wa kwanza ni dansi ya kawaida, imepangwa vizuri, inahusu mtu aliyeahidiwa kupokelewa stesheni na hakumkuta mwenyeji wake. Ukiigeuza, waimbaji wamenyamaza. Gitaa la pili linashika noti nne na haliziachi mpaka mwisho. Solo anaingia juu yake taratibu, anacheza nyuma ya mdundo, kisha besi inaacha kufuata tumba na kuanza kujibizana na solo moja kwa moja, yule anauliza huyu anajibu, na saksafoni inakuja imechelewa kidogo ikiwa na tungo ambayo haikuwepo kabisa upande wa kwanza. Kuna mahali mpiga drams anaacha kabisa kupiga, wenzake wanaendelea bila yeye, na anaporudi anarudi katikati ya mzunguko, si mwanzoni. Nimesikiliza fyusheni nyingi za Marekani za wakati ule zilizorekodiwa kwa mitambo ya gharama. Sijasikia wanaoelewana kuliko hawa, na hawa walikuwa na maikrofoni chache na nafasi ya kupiga mara moja.

Kwa nini upande huo unapotea? Kwanza, redioni. Ninavyokumbuka mimi, kwenye vipindi vya salamu mtangazaji alikuwa akipiga sehemu ya kwanza, na mapigo yakianza anaingia na majina ya wasikilizaji. Watu wakaujua wimbo kwa mashairi yake tu. Pili, wanaopandisha nyimbo za zamani mtandaoni wananakili upande wanaoukumbuka, yaani ule ule wa redioni. Tatu ni historia yenyewe. Bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania kwa ajili ya matangazo, na kanda zikabaki huko huko. Aliyetaka santuri iuzwe dukani mara nyingi alilazimika kutazama Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Miaka hiyo bendi zilikuwa zinapiga vizuri kuliko wakati wowote, na mlango wa kufyatua santuri ulikuwa umebanwa. Kwa hiyo kilichobaki cha kabla ya hapo kina thamani zaidi, na kinakaa kwenye makabati, mabanda na chini ya vitanda katika mji wenye jua kama hili letu, ambapo santuri iliyoegemezwa ukutani inajipinda yenyewe.

Wewe umezungumzia kutolewa upya, basi niseme na namna inavyofanywa, kwa sababu nimesikia kazi za hovyo zinazouzwa kwa bei kubwa.

Kwanza santuri ioshwe. Hapa natumia maji safi ya kuongezea betri, si asidi, maji yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwenye chupa, na tone moja la sabuni ya vyombo. Unafuta kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, unasuuza, unaiacha ikauke ikiwa imesimama kivulini. Lebo isiguswe na maji. Na ukipata zile nzito za zamani za mizunguko 78, usizipitishie spiriti hata kidogo: zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huyeyusha shelaki. Nimeletewa moja iliyosafishwa kwa spiriti na mtu aliyekuwa na nia njema. Hakuna kilichobaki cha kusikiliza.

Sindano nayo ina kipimo chake. Mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu ya mfereji wa 45, na ukitumia sindano ya 45 itazama chini ikokote takataka badala ya kusoma kuta. Santuri nyingi hizi ni za mono, yaani zenye njia moja tu ya sauti, kwa hiyo ukinakili kwa kichwa cha sindano cha stereo, chenye njia mbili, unganisha njia hizo ziwe moja. Mikwaruzo mingi inafutana yenyewe hapo hapo. Kisha hifadhi faili ghafi, bila kuichuja, na uifanyie kazi nakala yake.

Hapo kwenye kuchuja ndipo wengi wanapoua muziki. Programu ya kuondoa mchacharo, ule mvumo wa chini chini wa santuri chakavu, haijui tofauti ya uchakavu na manyanga. Zote mbili kwake ni kelele za juu. Ukiibana sana, manyanga yanatoweka, matoazi yanakuwa kama yanapigwa ndani ya gunia, na mdundo wote unalegea, kwa sababu kwenye bendi hizi aliyeshika manyanga ndiye aliyekuwa anawaweka wenzake kwenye mstari. Mimi naondoa milio ya mikwaruzo mmoja mmoja kwa mkono na mchacharo nauacha. Inachukua jioni nzima kwa upande mmoja, na inafaa.

Suala la kuunganisha sehemu mbili linaleta ubishi. Wapo wanaobandika ya kwanza na ya pili ziwe wimbo mmoja. Shida ni kwamba mara nyingi fundi alififisha sauti mwisho wa upande wa kwanza na kuipandisha tena mwanzo wa pili, na kilichopigwa katikati hakipo kwenye santuri. Kama kipo popote ni kwenye kanda mama, ile ya kwanza iliyorekodiwa studio. Ukibandika unatengeneza kitu ambacho bendi haikukipiga. Ziachwe mbili, zifuatane. Na kanda ikipatikana, basi ndiyo itolewe, nzima.

Kujua santuri isiyo na lebo ni ya nani kunawezekana. Itazame kwenye mwanga ukiilaza pembeni: kati ya mfereji wa mwisho na lebo kuna namba imechongwa. Namba hiyo iliwekwa kiwandani, na ukimpata mwenye nakala yenye lebo nzima, namba zikilingana umeshamtambua mwenye wimbo. Ile yangu iliyoliwa na mchwa namba yake inasomeka vizuri. Bado natafuta mwenzake.

Kuhusu haki, kampuni yoyote inayokuja kutafuta santuri huku ianze na familia, si na fundi kama mimi wala na muuza mitumba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na wengi wa watunzi hawa wamefariki juzi juzi tu ukilinganisha na hiyo miaka. Watoto na wajukuu wapo, wengine wako mitaa ya hapa hapa, Ng'ambo na Isevya, na hawajui kwamba wimbo wa baba yao unauzwa nje kwa fedha za kigeni. Utunzi ni haki moja, rekodi ni haki nyingine, na zote zinaandikiwa mkataba. Kuna mnunuzi aliwahi kunitaka nimuuzie faili zote za pande za pili kwa mkupuo. Nilimkatalia, na atakayekuja kesho bila jina la mrithi hata mmoja nitamkatalia pia. Si mali yangu.

Kwa hiyo mkuu, orodha yangu ni fupi. Bado Kidogo ifyatuliwe kwa ajili ya soko la hapa, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, kila bendi ipate mkusanyo wake wa santuri ndogo, pande zote mbili, kwa mpangilio wa zilivyotoka, na majina ya wapigaji yaandikwe yote, mpaka wa manyanga. Zile santuri zisizo na jina ziwekwe kwenye diski yake peke yake, na namba zake za kiwandani zichapwe kwenye jalada ili mwenye nakala nzima azitambue.

Kama uko Tabora, Urambo, Nzega, Kaliua au Kigoma na nyumbani kuna santuri, angalia kama pande zote mbili zina jina moja. Ikiwa ndivyo, usiiuze kabla haijanakiliwa. Ilete, au inakili mwenyewe kwa utaratibu niliouandika hapo juu, kisha weka hapa namba iliyochongwa karibu na lebo. Nitailinganisha na zangu.