Re: Mirihi kuna uhai kweli?

Ndugu yangu wa Fort Portal, umeuliza kama Mirihi kuna viumbe au kuliwahi kuwa navyo. Mpaka sasa hakuna aliyethibitisha, ila mimi naona hilo la "kuliwahi" ndo lenye nguvu. Lile shimo la Jezero ambako roboti ya NASA, Perseverance, ilitua Februari 2021 lilikuwa ziwa zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, mto ulikuwa unaingia pale ukaacha matope, sasa 2024 roboti ikatoboa mwamba wenye madoa kama ya chui, ndani wakakuta kaboni na madini ya chuma ambayo hapa duniani mara nyingi vijidudu ndo vinayatengeneza, ingawa kemia peke yake nayo inaweza, ndo maana wanasayansi hawajasema ndiyo. Kwa leo pale juu ya uso wa Mirihi sina matumaini kabisa, hewa nyembamba mno, baridi, miale inaua. Chini ya ardhi labda. We si unazijua chemchemi za maji moto za Sempaya, kule Bundibugyo, maji yanachemka na bado kuna vijidudu vinaishi! Sampuli ya ule mwamba bado iko kulekule kwenye kichupa, naomba sana iletwe maabara ipimwe tungali hai.