Jibu: 28 ni timilifu kivipi?

Dadangu wa Malindi, umeuliza mbona mwalimu wa kijana wako kasema 28 ni namba timilifu na yeye aiona sawa tu na 27 ama 29. Sikiza, tafuta namba zote zinazoigawa 28 bila kubakisha kitu, yenyewe usiihesabu, utapata 1, 2, 4, 7 na 14, sasa zijumlishe, zarudi 28 ileile, ndiyo maana yaitwa timilifu!! Jaribu 27, 1+3+9 ni 13 tu, na 29 ni namba tasa kwa hivyo inabaki na 1 pekee. Chini ya 10,000 namba timilifu ziko nne tu, 6, 28, 496 na 8128. Na zote zinazojulikana ni shufwa, ya witiri haijapatikana hata moja mpaka leo na wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo, mimi hilo lanishangaza kweli kweli.

Halafu 28 ina jambo jingine, huku Lamu nilimpangia mwanangu madafu uani, safu ya kwanza moja, ya pili mawili, hivyo hivyo mpaka ya saba ina saba, akahesabu mwenyewe yakatoka 28, alivyofurahi! Mfanyie kijana hivyo, hata kwa kokwa za maembe yafaa.